Sindano Namba Ishirini na Mbili

Wifi yangu ana mdomo, na hilo nalisema hata mbele yake. Lakini goti langu lilipogoma kusukuma pedeli ya cherehani, ni yeye aliyevuta kigoda, akakaa ubavuni mwangu na kuzungusha gurudumu kwa mkono ili mimi nishone. Kutwa nzima, huku akinisema. Mkono mmoja ukimuuma anahamia wa pili, na mimi naona haya mpaka nakosea mshono.

Daktari wa kwanza alitaka kunipasua aniwekee goti la bandia. Nikakataa katakata. Nikishalazwa, nani atashona? Wateja wangehamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara hata kidonda hakijakauka. Wifi akasikia kuna daktari anayechoma sindano ndani ya kiungo chenyewe, akanikokota hadi kwake.

Yule daktari, mama wa makamo, alitazama picha ya goti, akatueleza bila kuficha kwamba sindano haiponyi kabisa. Ikinikubali, ningepata nafuu ya miezi kadhaa, na kisu kingesubiri. Nikapanda kitandani. Nikamuuliza sindano yenyewe ni namba ngapi, maana fundi hagusi kitambaa kabla ya kujua namba.

"Ishirini na mbili," akasema.

Mama yangu wee! Kumi na nne inashona shati. Kumi na nane inashona jinzi. Ishirini na mbili si ya kushonea turubai hiyo? Nikashuka na goti langu bovu, nikaanza kutafuta viatu.

Wifi akanidaka gauni. Daktari alipong'amua, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kumbe kwao hesabu imegeuzwa: namba ikipanda, sindano inakonda. Akanionyesha, kweli nyembamba. Nikajilaza na kufumba macho. Wifi akanishika mkono mpaka sindano ikatoka.

Nikapumzika nilivyoagizwa, maumivu yakalegea kidogo kidogo. Leo asubuhi nimeweka mguu kwenye pedeli kwa woga, nikasukuma. Goti likaitika.

Wifi akaingia akilalamikia jua, akavuta kigoda chake, akanyoosha mkono kwenye gurudumu kama kawaida. Akalikuta linazunguka.

"Pumzika, wifi," nikamwambia. "Umenibeba vya kutosha. Ahsante."

Akachukua kipande cha kitambaa cha mteja, akafutia macho. Sikumgombeza.