Chini ya Maegesho ya Halmashauri

Dobi wa nyumba ya wageni alikuwa uani akikunja shuka pale mpangaji wa chumba cha nyuma alipotoka kuja kumtazama, kama kawaida yake. Mpangaji huyo hakuwa mtu. Yeye na wenzake walitoka kwenye nyota ya mbali, wakafika duniani kabla ya piramidi, na kazi yao tangu hapo ilikuwa kutazama. Rangi yake ilikuwa ya majivu yaliyolowa, na kitanda alicholalia hakikubonyea. Mtaa ulishamzoea. Watu walimlaumu kwa jambo moja tu, kwamba alikuwa hasalimii.

Dobi alikuwa mama mtu mzima, na uchovu wake haukuwa ule wa kuisha kwa kulala. Nyumbani alimuuguza kaka yake, aliyevimba miguu na kubaki na swali moja: baba alizikwa wapi? Baba yao alikamatwa akabebeshwa mizigo ya jeshi katika ile vita kuu ya kwanza ya Wazungu, dobi akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Hakurudi, wala hakuja mtu kusema lolote.

Asubuhi hiyo alimuuliza mpangaji, akajishangaa tu kwamba hakuwahi kumuuliza kabla.

Mpangaji hakuhitaji kufikiri. Alisema baba alibeba sanduku la risasi hadi tumbo la kuhara lilipomlaza, askari wakamwacha kando ya njia pamoja na wapagazi wenzake waliougua, wote wakafukiwa shimo moja. Shimo hilo sasa lilikuwa chini ya maegesho ya magari ya halmashauri, upande wa ukutani.

"Aliomba maji?" dobi aliuliza.

"Aliomba."

"Na wewe ulikuwa karibu?"

"Karibu kama nilivyo kwako sasa."

"Hukumpa."

"Kazi yetu ni kutazama."

Dobi alichukua shuka nyingine. Alimwambia asogee, anamzibia jua.

Mchana alikwenda halmashauri. Afisa ardhi alimkaribisha kiti na hakutilia shaka hata neno moja. Alieleza kwamba mmoja wa wenzake yule mpangaji alishawaambia habari hiyo kabla lami haijamwagwa; kikao kilikaa, wajumbe wakasikitika, lakini mkandarasi alikuwa ameshaleta mitambo. Dobi aliomba basi hata jiwe lenye maandishi. Afisa alimkumbusha kwa upole kuwa mji tayari una mnara wa vita. Dobi aliujua. Ulikuwa na majina ya maofisa, na la farasi wa mmoja wao.

Kaka alipoambiwa aliomba apelekwe. Walikodi teksi. Alishuka kwa taabu, akaenda akishikilia bega la dadake mpaka ukutani, penye nafasi tupu kati ya magari. Akavua viatu.

"Baba, tumekuja," alisema. "Tumechelewa kidogo."

Lami ilikuwa ya moto, na dobi akawaza jinsi nyayo za kaka zinavyoungua.

Mlinzi alikuja taratibu.

"Shikamooni, wazee wangu. Samahani, nafasi hii ni ya mkurugenzi, na gari lake ndilo hilo linaingia."

Kaka aliomba wakae kidogo tu. Mlinzi alisema anajua waliolala pale, hata yeye hukwepa kupakanyaga, ila amri si yake. Dobi alipiga magoti akamvalisha kaka viatu, wakasogea. Gari liliingia likasimama palepale. Mkurugenzi alishuka, akawapa pole, akaingia ofisini.

Ng'ambo ya barabara mpangaji alikuwa amesimama, anatazama.

"Yule ndiye aliyemwona baba?" kaka aliuliza.

"Ndiye."

Kaka alimkazia macho kwa muda mrefu.

"Basi ametuona na sisi tulivyokuja," alisema.

Dobi alimshika mkono, wakaenda kutafuta teksi.