Kitindamimba Hutua Jumanne

Kila Jumanne, saa nne kasoro dakika tano asubuhi, mpima uzito wa shirika la ndege la visiwani hupangusa mizani kwa kitambaa kikavu, huirudisha sindano kwenye sifuri, kisha hufungua daftari. Abiria wa ndege ndogo hupimwa kama magunia: mtu kwanza, mzigo baadaye. Watu humwita Shangazi Mizani, na wapo wanawake wanaopanda pale wamefumba macho kabisa.

Shirika lilianza na ndege moja kuukuu, iliyokuwa ikinyunyizia mashamba dawa. Wakaiita Bibi. Akafuata Mjomba, aliyekohoa kila akiwashwa. Wa tatu alikuja mpya, na viti vya ngozi, wakamwita Kitindamimba, wakamdekeza wote. Miaka sita iliyopita Kitindamimba aliondoka na abiria wanane na rubani, akazama baharini kabla ya kufika kisiwa cha pili. Meneja akaona funika kombe mwanaharamu apite. Akaita mchoraji, na ukutani kwenye ukumbi wa abiria, penye historia ya shirika, zikabaki ndege mbili. Pale alipokuwa Kitindamimba pamechorwa wingu.

Tangu hapo Kitindamimba hutua kila Jumanne saa nne. Mwongoza ndege humpa nafasi huku akinung'unika kwamba hayumo kwenye ratiba. Abiria hushuka wakichuruzika maji, rubani nyuma yao, na mfagizi huwasubiri na dekio mkononi.

"Jamani, pangusieni miguu hapo mlangoni! Kila wiki niwaambie?"

Nao hupangusa. Kisha hukaa kwenye benchi, maana askari wa mlangoni hamruhusu mtu kutoka nje bila orodha iliyosainiwa, na ndege isiyokuwepo haina orodha. Saa tano hurudi walikotoka.

Mmoja wao ni binti wa pekee wa Shangazi Mizani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bado umelowa."

"Bado. Leo tutatoka?"

Humwuliza hivyo kila Jumanne, na kila Jumanne mama huumia kama siku ya kwanza. Siku ya ile safari ndege ilikuwa imejaa. Meneja alizoea kusema "punguza kidogo," na Shangazi alizoea kupunguza daftarini: kilo mbili kwa huyu, tatu kwa yule. Bandu bandu, huisha gogo. Binti alikuwa wa mwisho kwenye foleni, na kesho yake ana mtihani chuoni. Alikuwa na kilo hamsini na tisa, na sanduku la vitabu kilo ishirini na mbili. Mama akaandika hamsini, na kumi. Hilo hakuagizwa na mtu.

Jumanne hii aliiandika orodha upya, kila mmoja na uzito wake wa kweli, akaipeleka kwa meneja. Meneja aliisoma yote, akavua miwani.

"Dada yangu, nikisaini hii, ndege ile ilikuwepo."

"Si hiyo hapo dirishani?"

"Ipo. Ila haikuwepo." Hakuwa na ukali. "Na kama ilikuwepo, basi ilizidi uzito, na mwandishi ni wewe. Utakwenda wapi?"

"Jela. Mwanangu ataenda nyumbani."

Meneja aliikunja ile karatasi mara nne, akainama, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza. Akaijaribu meza kwa kiganja. Ilikuwa imetulia.

"Bibi anaruka sasa hivi," alisema. "Nenda kapime."

Foleni ilikuwa ndefu. Wa mwisho alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa anachemka homa, hospitali iko kisiwa cha pili, na ndege nyingine ni keshokutwa. Shangazi alijumlisha. Kilo kumi na tisa zilizidi. Alijumlisha tena, akapata zile zile. Akauliza kwa sauti nani atakubali kubaki. Kila mtu akatazama viatu vyake.

"Shangazi, tafadhali," yule mwanamke alisema. "Usituache."

Meneja alichungulia kutoka ofisini. "Punguza kidogo."

Shangazi alimgusa mtoto shingoni. Homa ilikuwa kweli. Mizani ilisoma sabini na nne, yule mwanamke na mwanawe pamoja. Shangazi alilia kidogo, akafuta macho kwa kile kitambaa cha mizani, akaandika hamsini na tano.

Binti yake aliona. Alilivuta sanduku lake lililolowa, akasogea kidogo pale alipoketi kwenye benchi. Na wenzake wakasogea, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikapatikana nafasi ya mama mwenye mtoto kukaa nao.