Swali la Mpiga Pasi

Jumamosi kondomu ilipasuka, na hadi Jumatatu mpiga pasi alikuwa hajamwambia mtu. Mumewe alijua, bila shaka, lakini yeye ni dereva wa lori na alishaondoka na mzigo. Mtoto wao wa tatu alikuwa na miezi kumi, bado ananyonya, bado analia mpaka nyumba nzima inaamka. Mpiga pasi aliwahi kusikia habari za "kidonge cha asubuhi". Kwa kuwa asubuhi yenyewe ilishapita, akaona basi tena. Akaendelea kunyoosha kola za sare za shule, roho mkononi.

Saa saba mchana msimamizi wa kiwanda alizima cherehani zote.

"Tuna mgeni, muuguzi wa kituo cha afya. Kuleni, lakini masikio yawe huku."

Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Alipotamka tu "vidonge vya dharura vya kuzuia mimba", nusu ya wanawake wakainamia vyakula vyao, nusu wakaangua kicheko.

"Si vinatoa mimba hivyo?" akauliza mkata vitambaa.

"Hapana, dada. Vinachelewesha yai lisitoke. Kama mimba imeshatunga, havitaidhuru."

Mpiga pasi alikuwa na swali lake, lakini pembeni yake alikaa wifi yake, mshona vifungo. Kiwanda kizima kilimwita Redio. Ukimwambia neno saa mbili, saa nne mama mkwe wako analo. Hata hivyo mpiga pasi alijikuta ameshasimama.

"Mimi nina jirani yangu," alisema. "Mpira umempasukia juzi. Asubuhi imeshapita. Si amechelewa?"

Kicheko kikazuka upya. Jirani! Akatamani sakafu immeze.

Muuguzi hakucheka. "Mwambie hajachelewa. Hilo jina la asubuhi linatuponza sana. Kuna vidonge vya hadi siku tatu, na vingine hadi siku tano. Ila kadiri unavyowahi ndivyo vinavyofanya kazi vizuri. Asingoje kesho. Na aseme kama ananyonyesha, apewe vinavyomfaa."

Kengele ilipolia, Redio alimfuata kwenye meza ya pasi. Mpiga pasi akajua leo kumekucha.

"Wifi," Redio alinong'ona, na kunong'ona kwenyewe kulikuwa kugeni kinywani mwake. "Huyo jirani, mtoto wake ana miezi kumi?"

Mpiga pasi akainamia shati. Machozi yakajibu.

"Lete hiyo pasi. Kituo kinafunga saa kumi. Msimamizi nitamwambia tumbo linakuuma."

"Na mama?"

"Mama hili halimhusu." Redio alishika shati na kulinyoosha vibaya. "Mwanangu wa nne nampenda, Mungu anajua. Lakini mwaka ule nilikuwa sijiwezi, wifi. Hakuna aliyekuja kutuzimia cherehani atuambie. Nenda!"

Kituoni mfamasia alimuuliza maswali mawili matatu, akampa kidonge na glasi ya maji. "Ukitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza, rudi. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki, njoo upime. Hiki ni cha dharura tu, na hakizuii magonjwa. Siku ukiwa na nafasi, njoo tuzungumze njia ya muda mrefu."

Hakusemwa, hakutazamwa kwa jicho la pembeni. Alitoka nje akasimama kwenye ngazi, akapumua mpaka mabega yakashuka.

Wiki mbili na nusu baadaye hedhi ilikuja. Alikaa chooni akicheka peke yake kama mwendawazimu, kisha akampigia simu mumewe.

"Imekuja."

Upande wa pili ikasikika pumzi ndefu. "Mke wangu, kumbe nimeendesha wiki zote hizi nimefunga breki."

Mzigo uliofuata dereva aliuahirisha kwa siku moja. Asubuhi ile waliongozana kituoni, mtoto mgongoni kwa baba yake. Muuguzi alipopanga mezani njia za uzazi wa mpango, vipandikizi, sindano na kitanzi, dereva ndiye aliyevuta kiti mbele.

"Nianze mimi kuuliza," alisema. "Hiki kidogo hiki, kinakaa miaka mingapi?"