Macho ya Fundi Mikroni

Kwa wiki tatu, fundi mkuu wa karakana ya vioo vya jeshi alishinda na mtambo usoni. Alifika asubuhi, akaufunga kichwani kwa mkanda, akaushusha mbele ya jicho la kulia, na hakuuvua mpaka king'ora cha kutoka kazini kilipolia. Alikunywa chai nao. Alikwenda chooni nao. Akiulizwa, alijibu kwa sauti ya mtu anayelitumikia taifa: "Najaribu uimara wake. Askari atashinda nao vitani, mimi ni nani nisishinde nao hapa kwenye kiti?"

Jina lake halisi lilikuwa kwenye faili tu. Karakana nzima ilimwita Mikroni, kwa sababu katika miaka thelathini na moja ya kusaga lenzi hakuwahi kusamehe kosa la mikroni moja. Mikroni, kwa asiyejua, ni sehemu moja ya elfu ya milimita, kitu ambacho mtu mwenye akili timamu hawezi kukigombania. Yeye alikigombania kila siku ya kazi, na Jumamosi nusu siku.

Mtambo wenyewe ulikuwa darubini ya joto, na aliyeubuni ni yeye. Miwani ya usiku ya kawaida hukusanya mwanga kidogo uliopo, hata wa nyota, ikaukuza. Hii haikutaka mwanga hata chembe. Ilitazama joto: chenye moto kikaonekana cheupe, chenye baridi cheusi. Lenzi yake haikuwa ya kioo bali ya jermaniamu, madini yanayopitisha joto lakini si mwanga, na ukiitazama kwa macho matupu unaona kitu cha kijivu kama kifuniko cha sufuria, huoni ng'ambo. Mikroni aliisaga kwa miezi minne. Mkewe alisema wakati wa uchumba hakutunzwa hivyo.

Kwa darubini hiyo hakuna aliyeweza kumficha kitu. Koplo wa stoo, mwanamke mcheshi asiyekubali kushindwa kwa maneno, alikalia kiti chake siku moja akaondoka mbio aliposikia hatua zake.

"Koplo, umekalia kiti changu," Mikroni alisema akiwa bado mlangoni.

"Nani kakwambia, Mzee?"

"Kiti chenyewe. Umeacha makalio yako mawili hapa, meupe pee. La kushoto limeegemea zaidi. Mgongo unakuuma?"

"Ee Mungu wangu," alisema Koplo, na tangu siku hiyo hakukaa popote karakanani bila kupapasa kiti kwanza kuona kama bado kina joto la mwingine.

Sasa tuseme ukweli, maana mwenyewe hakuusema. Mikroni hakuwa akijaribu uimara wa chochote. Mikroni alikuwa haoni. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, ukungu unaoanza kidogo kidogo ndani ya lenzi ya jicho mpaka dunia inakuwa kama unaitazama kupitia karatasi ya kufungia maandazi. La kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa na uhai kidogo, na ndani ya darubini, ambako picha ilikuwa kubwa, nyeupe na nyeusi tu, karibu kabisa na mboni, aliweza kujua huyu mtu na ile meza. Akiivua, alibaki na ukungu. Kabla haijakamilika, alijiongoza kwa vidole na kwa mazoea.

Daktari alimweleza vizuri kabisa. Upasuaji wa dakika ishirini kwa kila jicho: wanatoa lenzi iliyochakaa, wanaweka mpya. Akichelewa, kazi itakuwa ngumu, na akichelewa sana, asiwalaumu watu.

"Lenzi mpya," Mikroni alirudia. "Kaisaga nani?"

"Samahani?"

"Nauliza aliyeisaga. Nani kaipima? Mkunjo wake ameukagua kwa kifaa gani?"

"Mzee, zinatoka kiwandani. Ni za plastiki, ndogo hivi."

"Plastiki!" alisema Mikroni, akachukua kofia yake. Ilikuwa kofia ya daktari, lakini hilo aliligundua nyumbani.

Alijieleza hivyo kwa kila mtu, yaani kwa mkewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua: mtu aliyekataa lenzi saba kati ya kila kumi zilizopita mkononi mwake hawezi kukubali kuwekewa kichwani lenzi asiyoijua. Ilikuwa hoja nzuri. Lakini chini ya hoja hiyo kulikuwa na woga, tena woga mkubwa. Aliogopa kisu. Alijua kioo kinavyoharibika kwa mkono mmoja kutetemeka mara moja, na aliogopa kuuona ule mkono ukija. Na kama karakana ingejua haoni, kanuni ilikuwa wazi: asiyeona haketi kwenye mashine ya kusaga. Angepewa cheti, mkono wa kwaheri, na kiti cha uani.

Nyumbani darubini haikufika, kwa kuwa mali ya jeshi haivuki geti. Huko aliishi kwa masikio na kwa mkewe. Mama Pacha alimsubiri getini kila jioni, akamshika mkono kama wapenzi, na majirani wakasema hawa wazee bado wana mambo.

"Baba Pacha, hiyo ni blauzi yangu," angesema asubuhi, akicheka.

"Nilijua. Nilikuwa naikunja."

"Umeshaifunga vifungo."

Alicheka sana, Mama Pacha. Alimcheka alipotia chumvi kwenye chai, alipolifokea koti lililotundikwa mlangoni akidhani ni shemeji yake amekuja kuazima baiskeli tena, alipobishana na koti hilo muda mrefu. Sauti yake ilikuwa ya furaha siku zote, na Mikroni alijiambia kwamba kama mwanamke huyu hana wasiwasi, basi hakuna la kutia wasiwasi.

Kisha ikaja habari kwamba Brigedia atatembelea karakana. Angeitazama darubini ikifanya kazi, kisha aamue iende vikosini au irudi kabatini. Ingekuwa Jumatano saa nne asubuhi, na kwa kuwa mradi ulikuwa wa miaka miwili, familia za mafundi zilialikwa kukaa nyuma kwenye viti. Madirisha ya ukumbi wa majaribio yangefunikwa kwa mapazia mazito, taa zizimwe, askari watatu wajifiche, na Mikroni awatafute mmoja mmoja.

Mikroni hakuwa na shaka. Angewaona askari watatu hata wakijificha ndani ya kabati. Brigedia naye hakuwahi kukutana naye, ila alimjua kwa sifa: mtu mrefu, mnene, mwenye kichwa kinachochemka haraka, na mwenye tabia ya kushusha pumzi ndefu kabla ya kujibu.

Lakini watu wa kantini nao walikuwa na maandalizi yao. Walisikia Brigedia hapendi mazungumzo bila chai, wakaleta tangi kubwa la umeme la kuchemshia chai, refu kama mtu mzima likiwa juu ya stuli yake, wakalisimamisha pembeni mwa mlango. Hawakumwambia fundi mkuu. Kwa nini wamwambie? Kila mtu mwenye macho alikuwa analiona.

Saa nne kamili taa zilizimwa. Mikroni aliingia akiwa amenyooka, buti zinang'aa, darubini usoni. Akatazama kulia. Pale mlangoni alikuwapo mkubwa, mrefu, mnene, mweupe kwa joto toka kifuani mpaka juu, na kichwa ndicho cheupe kupita vyote. Mkono mmoja ulikuwa kiunoni. Mikroni alipiga hatua tatu, akagonga visigino, akapiga saluti iliyosikika ukumbi mzima.

"Afande! Karakana ya vioo iko tayari kwa ukaguzi wako, Afande!"

Mfuniko wa tangi ulipumua. Ssssss.

"Ndiyo, Afande," Mikroni alijibu. "Najua ratiba yako imebana. Nitakuwa mfupi." Akaanza kueleza. Alieleza jermaniamu inavyopatikana, alieleza mkunjo wa lenzi, na alipofika kwenye mikroni alipandisha sauti kidogo kwa mapenzi. Tangi lilipumua tena. "Swali zuri, Afande," alisema, "nilikuwa naelekea huko huko."

Gizani, taa ndogo nyekundu ya tangi iliwaonyesha wote anazungumza na nani. Koplo wa stoo alijitia leso mdomoni. Mtu mmoja kwenye viti vya nyuma alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Brigedia mwenyewe alikuwa amesimama hatua mbili nyuma ya Mikroni. Alikuwa ametoka sasa hivi kwenye gari lenye kiyoyozi kikali, amepoa, na hata angetazamwa asingeng'aa sana.

"Fundi," alisema Brigedia. "Huyo unayezungumza naye ana cheo gani?"

Mikroni aligeuka. Akamtazama wa nyuma, akamtazama wa mbele. Wa mbele alitoa tone moja la moto kutoka kwenye ule mkono wa kiunoni, likaanguka sakafuni na kuacha doa jeupe.

"Ni sehemu ya onyesho, Afande," alisema Mikroni. Lazima tumsifu, alilisema haraka. "Nilikuwa naonyesha udhaifu wa kifaa. Adui anaweza kutumia tangi."

"Nimeona. Taa ziwashwe. Vua hicho kitu."

Aliivua. Ukungu ukarudi.

"Nisomee maandishi ya ukutani pale mbele."

Mikroni alitulia. Ukuta ule aliujua kwa miaka thelathini na moja. "Marufuku kuvuta sigara," alisema bila wasiwasi. "Herufi nyekundu, Afande. Chini kuna picha ya sigara imekatwa mstari."

Hapo ukumbi haukuweza tena. Bango la sigara lilikuwa limeng'olewa jana yake jioni, na mahali pake palitundikwa kitambaa cha kijani cha mita tano: KARIBU SANA BRIGEDIA WETU. Watu walicheka mpaka viti vikalia. Koplo alikaa chini bila kupapasa. Na katika vicheko vyote Mikroni alikisikia kimoja akakitambua, cha mkewe, kirefu kuliko vyote.

Alijisikia vibaya sana. Hakuwa amewahi kuchekwa karakanani, na sasa kila mtu alijua, na yeye mwenyewe, Mama Pacha wake, alikuwa anawaongoza. Aliipandisha darubini jichoni kwa hasira ili amwone anavyomcheka. Hakuwahi kumtazama kwa chombo hicho, kwa kuwa hakikutoka getini na yeye hakuingia. Kusema kweli ulikuwa umepita mwaka mzima hajamtazama kwa chochote.

Alimpata kwenye safu ya mwisho. Uso mweupe, wenye joto, mdomo wazi kwa kicheko. Na kutoka kwenye kila jicho mstari mweusi ulishuka mpaka kidevuni.

Mikroni alikuwa mtu wa vipimo, na hakuhitaji kufundishwa kusoma picha ile. Ngozi ni ya moto. Kitu cha maji kikikauka juu yake, kinaipoza. Na mistari ile haikuwa ya kicheko cha dakika moja. Ilikuwa mipana, imeshuka mpaka shingoni, imelowesha ukosi wa gauni, ikaupoza nao. Mtu yule alikuwa analia tangu kabla taa hazijazimwa.

Alipita katikati ya viti akigonga magoti ya watu, mpaka akasimama mbele yake.

"Mama Pacha, unalia."

"Nani analia?" alisema kwa ile sauti yake ya furaha. "Si nacheka hapa na wenzangu? Umelipigia saluti tangi, Baba Pacha!"

"Mashavu yako yamepoa. Naona." Akanyoosha mkono, akalikosa shavu, akalipata. Lilikuwa limelowa. "Tangu lini?"

Mama Pacha alijaribu kucheka tena, na safari hii kicheko hakikutoka.

"Tangu mwaka jana," alisema taratibu. "Kila siku. Nalia mezani, umekaa mbele yangu. Nalia nakufunga vifungo. Mwanzo nilikuwa najificha jikoni. Halafu nikaona hakuna haja."

Mikroni alibaki ameshika shavu lile. Alikuwa na hoja kadhaa, na wakati wowote mwingine angezitoa, lakini zote zilikuwa ndogo sana. Aliona aibu iliyomfika mpaka miguuni, na kilichobaki kilikuwa upendo, na alishangaa jinsi vyote viwili vilivyokuwa vizito.

"Afande," aliita bila kugeuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakujali Brigedia alikuwa upande gani. "Naomba ruhusa ya kwenda hospitali."

"Lini?"

"Sasa hivi, Afande, kabla sijaanza kuogopa."

"Chukueni gari langu," alisema Brigedia, na sauti yake haikuwa ya mkubwa. "Na hiyo darubini inakwenda vikosini. Sijaona kifaa kilichonionyesha mengi namna hii."

Mikroni aliishusha darubini, akaiweka mikononi mwa Koplo. Mama Pacha akasimama, akashika mkono wake, na wakaanza kutembea katikati ya viti, yeye mbele kidogo, mume nyuma.

"Utaogopa?" alimuuliza mlangoni.

"Sana," alisema Mikroni. "Nishike hivyo hivyo. Na ukitaka kulia, lia kwa sauti, nisikie."