Frasila Tatu za Sada

Mzee Pazi alishusha pembe ya ndovu kutoka kwenye kitanga cha mizani, akakipangusa vumbi kwa upindo wa kanzu yake, kisha akamsaidia Sada kukaa. Akapanga mawe upande wa pili.

"Frasila mbili kasoro," alisema. "Mbuzi wangu anakushinda, mwanangu."

"Nataka frasila tatu."

"Za kumpelekea nani?"

"Zangu mwenyewe."

Sada alitoka bara akiwa mateka, mzigo kichwani, katika msafara wa Mwinyimvua, tajiri wa pembe. Alipoanguka kwenye njia ya Fukayosi, Bagamoyo ikiwa inaonekana, waliuchukua mzigo wakamwacha yeye. Aliyemwokota ni Mina, mkulima wa pembeni mwa mji, naye alimkataza kula kwa pupa: kwanza uji mwepesi, kisha mhogo na kunde, na samaki siku wanapopatikana. Kila mwezi ulipoandama, Sada alikwenda kupimwa. Mara moja homa ilimrudisha nyuma, akalia njia nzima, lakini alipofika nyumbani aliosha chungu akainjika uji upya. Bangili ya shaba aliyopewa na Mina, iliyokuwa ikipanda hadi kwapani, sasa ilikomea kwenye kiwiko.

Ratili alizoongeza zilitoka kwa Mwinyimvua. Kitambi chake kilibaki vilevile na pilau alikula kama kawaida, ila uzito ulimhama. Kwanza viatu vyake viliacha kuchora mchanga. Kisha upepo ukamwinua barazani, ikabidi watumishi wamfunge kiunoni kwa kamba ya makumbi, naye akafanya biashara akielea usawa wa kizingiti cha juu. Wateja waliinua shingo, wakaamkiana naye, wakapatana bei.

Siku moja alimwita Sada.

"Acha kula, binti."

"Bado ratili nne, Bwana."

"Na mimi je?"

"Wewe kamba unayo."

Mwezi ulioandama baadaye, mti wa mizani ulilala sawa.

"Frasila tatu kamili," alisema Mzee Pazi.

Sada alicheka kwa sauti. Alishuka, nyayo zake zikazama vizuri mchangani.

Asubuhi hiyohiyo msafara mwingine wa Mwinyimvua uliingia mjini kwa ngoma na baragumu. Pembe zilikuwa nyingi. Nyuma kabisa mwanamke mmoja alipiga magoti, kisha akalala chini. Wenzake wakaamriwa kuichukua pembe yake, wakapita. Sada alimwendea, akambeba mgongoni bila kutweta.

"Twende, dada. Uji mwepesi kwanza."

Kutoka juu, Mwinyimvua aliwatazama wakiondoka. Hakukasirika. Aliwaambia watumishi waongeze kamba ya pili, kisha akawaonyesha kwa kidole pembe zishushwe wapi.