Kasoro ya Kila Uwanja

Gizani, Corinne alisikia zipu ya begi ikifungwa polepole, kwa hila, kama inavyofungwa na mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake. Hakuhitaji kuwasha taa. Sauti ile aliisikia Cincinnati, akaisikia tena Pittsburgh, na sasa imewafuata mpaka kwenye chumba hiki cha hoteli ya kando ya barabara, Milwaukee.

"Wade, mechi ni mchana," alinong'ona. "Begi la nini alfajiri yote hii?"

"Najiweka tayari tu, mpenzi. Tukitoka uwanjani tunaunganisha."

"Tunaunganisha kwenda wapi?"

Wade akakohoa. "Kansas City. Wanasema kule kuna chemchemi za maji ndani ya uwanja."

Corinne akamgeukia binti yao, Junie, aliyelala amekunja magoti, akamfunika bega. Kansas City hakuna mtu aliyempa Wade kazi. Kazi alizoahidiwa zilikuwa tatu katika miji mitatu, na Milwaukee ndio uliokuwa wa mwisho. Kiwanda cha kule kwao Toledo kilipofungwa, Wade, fundi wa kuchomelea vyuma, hakukosa wa kumtaka. Alichokosa ni kutulia. "Mji unaujua kwa uwanja wake wa besiboli," alimwambia mkewe. "Jioni zetu za kiangazi zitaishia hapo. Tuvione viwanja, tulinganishe, halafu tuchague." Corinne alicheka, akapakia vyombo vyao vyote garini. Alidhani kuchagua ni sehemu ya safari. Sasa mwezi wa tisa unabisha hodi, Junie anatakiwa aanze darasa la kwanza, na hakuna shule popote inayomngojea.

Cincinnati uwanja uliegemea mto. Mpira ulipopigwa ukavuka ukuta, moto wa kushangilia uliruka kutoka kwenye mabomba marefu, na Junie akajificha ndani ya koti la baba yake huku akicheka. Kisha mvua ikasimamisha mchezo mpaka mtoto akasinzia na bisi mkononi. "Kelele nyingi, na mvua hawana dawa yake," Wade akakata kauli. Pittsburgh walivuka daraja la njano kwa miguu, daraja zima limejaa watu, na kutoka kwenye viti vyao waliuona mji ukimeremeta ng'ambo ya maji. Corinne machozi yalimlengalenga. Hapa tutaishi, alijiambia. Wade akatikisa kichwa. "Mtu anaangalia maghorofa, mchezo anausahau." Corinne alitamani kumfinya.

Mchana ule Milwaukee, Wade aliegesha gari, akamshika Junie mkono, akaanza kuchapuka kuelekea getini. Eneo lote la maegesho lilikuwa moshi mtupu. Watu wamekaa kwenye viti vya kukunja nyuma ya magari yao, wanachoma soseji, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na haraka.

"Wewe kijana, unakimbilia wapi?" aliuliza mama mmoja wa makamo wa gari la jirani, uma mrefu mkononi. "Huko ndani bado wanafagia."

"Tunawahi viti, mama."

"Tiketi zenu hazina namba?"

"Zina."

"Sasa hivyo viti vina miguu?"

Watu wakaangua kicheko. Corinne akaona heri akae, na alipokaa yeye, Wade hakuwa na la kufanya. Yule mama, Arlene Wojcik, mstaafu wa posta, alimpa Junie soseji na kabichi chachu, akawauliza wametokea wapi. Wade akaanza hesabu ya kasoro: mvua, kelele, maghorofa. Arlene alimsikiliza huku akigeuza nyama.

"Kwa hiyo kila uwanja una kasoro?"

"Kila mmoja."

"Pole, baba. Labda hiyo kasoro mnasafiri nayo humo garini."

Wade alicheka na wenzake, lakini masikio yalimwiva. Corinne aliinamia sahani asionekane akicheka.

Mchezo haukuwa umefika mbali mvua ilipoanza. Safari hii hakuna aliyekimbia. Paa kubwa la chuma lilianza kutambaa juu ya vichwa vyao, pande mbili zikitafutana, na mrushaji akaendelea kurusha kama hakuna lililotokea. Wade alisahau karanga zake. Alimpakata Junie, akamwonyesha vyuma vilivyoungana, na kwa mara ya kwanza tangu waondoke Toledo goti lake lisilotulia kitini likaacha kutikisika.

"Lakini besiboli bila mbingu," Wade akasema, "si besiboli."

Goti likaanza tena.

"Uwanja wa Toledo ulikuwa na kasoro gani?" Corinne akamuuliza.

Mpigaji akapiga hewa, watu wakaguna.

"Toledo sikuwahi kutafuta," Wade alisema. "Nilijua tutazeekea pale. Sasa nikichagua hapa, Corrie, na hapa napo wakafunga milango?"

Kumbe ndicho kinachomkimbiza. Corinne alimshika kiganja, kigumu, chenye makovu ya cheche.

"Siku wakifunga, tutapanga mizigo siku hiyo. Si leo."

Mechi ilipokwisha Wade alitangulia na Junie mpaka kwenye gari, akamfunga mtoto mkanda, akaingia, akawasha injini. Corinne alibaki amesimama nje, mlango wazi.

"Panda, mpenzi. Barabara itajaa."

"Sipandi mpaka uniambie tunakwenda wapi. Nataka mji, Wade. Viwanja vimenitosha."

Magari yalianza kutoka, honi huku na kule. Wade alimtazama mkewe, akamtazama mwanawe kwenye kioo, vidole vikicheza juu ya usukani. Kisha akazima injini.

Pale jirani Arlene alikuwa anakunja viti vyake, anavisukuma ndani ya buti la gari.

"Jumapili wanacheza tena hapa," alisema. "Mtakuwepo?"

Wade akamgeukia Corinne. Junie akachungulia dirishani.

"Tutakuja," Wade akamjibu Arlene, "lakini viti vya kukunja hatuna."