Nguzo ya Saba

Siku nne kabla ya sherehe ya miaka mia ya daraja la reli, mzee mmoja mstaafu aliacha kula. Hakusema anaumwa. Alikaa tu kwenye kochi, sebuleni kwa binti yake, redio mapajani ikiwa imezimwa, akawa anakunja na kukunjua karatasi ambayo mjukuu wake alikuja nayo kutoka shuleni. Karatasi ilisema kwamba Jumamosi wanafunzi wa darasa la sita watapanda treni ya mabehewa matatu na kuvuka lile daraja maarufu la matao, na mzazi anayekubali atie saini hapo chini. Binti alikuwa ametia saini bila kufikiri mara mbili, akaibandika kwenye mlango wa friji. Mzee ndiye aliyeibandua.

Binti huyo alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume, na wanaume wanaoficha mambo alikuwa amewazoea. Kwa miaka mingi alikuwa amegundua kwamba anayeumwa hukutazama usoni, lakini mwenye hofu hutazama mikono yako, kana kwamba umeshika kitu. Baba yake alikuwa hamtazami usoni kabisa. Jumanne asubuhi alimpima presha mara mbili, akakuta iko juu mara zote mbili, akamwambia ajiandae waende kliniki. Mzee akasema kliniki hataki. Anataka apelekwe darajani.

Kwa miaka thelathini na mmoja mzee huyo alikuwa mkagua njia. Kazi yake ilikuwa kutembea kwa miguu juu ya mataruma yanayobeba reli, kwenye kipande chake cha njia na madaraja yaliyomo, akigonga boliti moja moja kwa nyundo ya mpini mrefu na kusikiliza inavyolia. Wenzake walimpa jina la Nyundo, na jina likamganda hadi nyumbani. Wanawe walikuwa wakimtania kwamba hata sahani ya chakula lazima aigonge kwanza ndipo ale. Lakini tangu astaafu, miaka kumi na mmoja iliyopita, hakuwahi kukanyaga tena upande ule. Mwaka walipokwenda kumzika shangazi yao alimwomba dereva azunguke njia ndefu, akasema ya mkato ina vumbi. Hakuna aliyelitilia maanani.

Jumatano muuguzi akabadilishana zamu na mwenzake, akaazima gari la shemeji yake, lile ambalo mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani, wakaondoka na umande. Njiani alijaribu kumchangamsha baba yake. Alimwambia kitu kilichosimama miaka mia hakiwezi kuanguka Jumamosi hii kwa sababu tu mjukuu wake yumo. Mzee akajibu kwamba daraja halijui ni Jumamosi.

Kutoka juu ya kilima daraja lilionekana lote kwa mara moja: matao kumi na mawili ya mawe ya kijivu, yamekanyaga bonde kwa nguzo nyembamba ndefu, na chini kabisa kijito kinapita kwenye majani mabichi. Muuguzi alikuwa amelelewa kwa mshahara wa daraja lile na hakuwa amewahi kuliona. Lilikuwa zuri kiasi kwamba kwa dakika nzima alisahau kilichowaleta. Wageni wawili walikuwa wakipigana picha. Mlinzi mwenye koti la mistari ya kung'aa alikuwa amechuchumaa akipaka chokaa mawe ya ukingo wa njia.

Mlinzi alimwamkia mzee kwa adabu zote, akawaambia wamekuja na bahati, kwani saa tano kamili kichwa cha treni kitavuka kwa majaribio. Mzee akauliza ni nani aliyelikagua daraja. Mlinzi akasema mwezi uliopita walikuja wataalamu na kamera ya kuruka, wakapiga picha siku mbili nzima, kila tao. Mzee akauliza kama walishuka hadi miguuni mwa nguzo. Mlinzi akacheka. Huko chini, alisema, ni vichaka na nyoka, nani ashuke wakati kamera inaona?

Mzee akamuuliza binti yake ni saa ngapi. Saa ya simu ilisema saa nne na dakika kumi na nane.

Wakaanza kushuka kwa kijia cha mafundi kilichokuwa kimemezwa na majani. Kwenye kona ya tatu goti la mzee likamsaliti, akakaa kitako kwenye udongo, jasho jembamba likimtoka. Binti akataka warudi. Mzee akamkatalia, akamweleza kwa sauti ya chini, kama anayemtuma dukani. Aende nguzo ya saba, ahesabu kuanzia upande wa stesheni. Upande unaotazama kijito, usawa wa kichwa, kuna ufa, na juu ya ufa huo kuna kipande cha kioo kilichogandishwa kwa saruji huku na huku, mfano wa plasta juu ya kidonda. Mawe yakisogea hata unywele, kioo kinapasuka.

"Ukikikuta kizima, tunarudi nyumbani na ninakula chochote utakachonipa," alisema.

"Na nikikikuta kimepasuka?"

"Nipigie."

Muuguzi akashuka peke yake. Viatu vyake vya kazini, vya soli laini, vilimtelezesha mara mbili, na mara ya pili alidaka mmea wa miiba. Alihesabu nguzo kwa sauti kama mtoto. Kutoka chini hazikuwa nyembamba tena; kila moja ilikuwa pana kuliko sebule yake, na ilitoa ubaridi wa kisima. Kwenye ya saba alisukuma majani kwa mkono, akauona ufa kabla ya kuona kioo. Ulipanda ukutani kwa ngazi ngazi, ukifuata maungio ya mawe, ukapotelea juu asikoweza kuona.

Vioo vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa cha zamani, chenye ukungu wa kijani, kimekatika katikati. Kando yake, shibiri moja hivi, kulikuwa na cha pili, kipya kidogo. Nacho kimekatika. Vipande vyake viliachana kiasi kwamba ukucha wa kidole gumba ulipita katikati. Kwenye saruji ya kila kioo mtu alikuwa amechora tarehe kwa msumari kabla haijakauka. Ya kwanza ilikuwa ya zamani sana. Ya pili aliisoma, akairudia, kwa sababu aliijua. Ilikuwa wiki ya kuagwa kwa baba yake kazini, wiki aliyorudi nyumbani na saa ya ukutani iliyofungwa kwa utepe.

Akapiga simu. Mzee akapokea kabla haijaita mara mbili.

"Baba, viko viwili. Na vyote vimepasuka."

Alisikia tu pumzi zake, na yeye mwenyewe alikuwa akizihesabu bila kukusudia, kama wodini.

"Cha kwanza nilikikuta kimepasuka wiki yangu ya mwisho," mzee alisema. "Nikabandika cha pili pembeni. Kwenye daftari nikaandika nguzo nzima. Nikatia saini."

"Kwa nini?"

"Ningeandika ukweli, wangenizuia nisiondoke mpaka uchunguzi uishe. Miezi sita, mwaka. Mama yako alikuwa kitandani, unakumbuka alivyokuwa. Nikajiambia atakayenirithi atakuja na macho yake, atakiona."

"Hakukiona?"

"Hakuna aliyenirithi. Ile nafasi waliifuta. Nilikuja kujua baadaye, na nikanyamaza."

Muuguzi alitazama tena ile tarehe ya pili. Hakuwa na nafasi ya kumkasirikia baba yake. Hasira ilikuwa ikija, aliisikia inavyopanda, lakini mbele yake kulikuwa na watoto arobaini wa darasa la sita, na mmoja wao alikuwa na pengo la jino la pembeni na angetaka kukaa dirishani. Hapo honi ikalia kutoka upande wa stesheni, ndefu.

Mzee akamwambia atoke chini ya daraja, upesi. Alirudia mara tatu, sauti ikipanda. Muuguzi alitazama kijia, akatazama kioo. Alijua atakachoambiwa akipanda na maneno matupu: mzee wa watu ana presha, vioo vimepigwa na mawe ya wachungaji, kamera imeona kila kitu. Akakata simu, akafungua kamera yake, akaisogeza karibu na kioo kipya hadi vipande vyote viwili vikajaa kwenye skrini ya simu. Akaishika simu kwa mikono yote miwili.

Kwanza walinyamaza vyura wa kijitoni. Kisha mngurumo ukaja kupitia ardhini, ukapanda miguuni mwake kabla haujafika masikioni. Kichwa cha treni kilipoingia juu ya daraja, mchanga ukaanza kumwagika kutoka kwenye maungio, ukamwingia shingoni. Aliinamisha kichwa lakini hakuondoa simu. Kilipofika juu yake aliona kwa macho yake vipande vya kioo vikiachana, vikakutana, vikasagana kwa mlio mdogo kama wa meno ya mtu aliyelala, vikaachana tena. Nguzo ilikuwa inapumua. Alitaka kukimbia, lakini akabaki hadi mwisho. Treni ilipokwisha kupita aligundua bado anarekodi, na kwamba anarekodi viatu vyake.

Alipopanda alimkuta baba yake amejiburura kona nzima kwa makalio, suruali imejaa udongo, uso umekuwa wa majivu. Alimpima mapigo ya moyo kwa vidole viwili, kisha akampa simu atazame.

Mlinzi, alipoona hali ya mzee, hakucheka tena. Alimpigia mhandisi wa madaraja, ambaye alikuwa stesheni akisubiri kichwa kile kile cha treni kirudi. Baada ya nusu saa pikapu ikafika, akateremka mwanamke kijana mwenye kofia ngumu na kishikwambi kwapani. Alikuwa mpole, mwenye haraka. Alimwamkia mzee, akaeleza kwamba ripoti ipo, picha zipo, na kila mwaka kuna watu wenye wasiwasi kuhusu majengo ya zamani. Muuguzi hakubishana naye. Alimwonyesha video.

Mhandisi aliitazama mara moja. Akairudia. Mara ya tatu aliweka simu sikioni, akasikiliza ule msagano huku amefumba macho. Kisha akashuka kijiani na viatu vyake vya ofisini, bila kuaga. Aliporudi alikuwa na tope hadi magotini, na alikuwa tayari anaongea kwenye simu yake.

"Simamisheni," alisema. "Ndiyo, na ya Jumamosi. Hapana, hata kiberenge kisipite."

Akaiweka simu mfukoni, akachuchumaa mbele ya mzee. "Mzee wangu, ulijuaje pa kutazama?"

Muuguzi akafungua mdomo. Alikuwa na jibu lililokwisha pikwa: baba amefanya kazi hapa, anakumbuka mambo, ni wasiwasi wa uzee tu. Ni jibu ambalo lingepita. Mzee akamgusa mkono, kwa upole, kama unavyomzuia mtu asivuke barabara.

"Kioo cha pili ni changu," alimwambia mhandisi. "Na uongo ulioko kwenye daftari ni wangu. Andika."

Mhandisi aliandika. Hakumkaripia wala hakumsifu. Alimuuliza tarehe, akauliza upana wa ufa siku ile, na mzee alimjibu vyote bila kufikiri, kama mtu aliyeviweka mdomoni miaka yote.

Jumamosi watoto walipelekwa stesheni, wakapandishwa kwenye mabehewa yaliyosimama, wakapewa soda, wakarudishwa. Mjukuu alisikia kwa wenzake kwamba safari iliharibiwa na babu yake, akarudi nyumbani amenuna, akamnyima babu salamu siku mbili. Mzee hakujitetea. Alikula, lakini kidogo, na kila simu ilipolia ndani ya nyumba aliacha kutafuna. Muuguzi naye hakuwa na amani. Hasira aliyoiahirisha ilimfikia jikoni, akiosha vyombo, na alimwambia baba yake maneno ambayo hakuwahi kufikiri angeweza kumwambia. Mzee alisikiliza yote amesimama mlangoni, akaitikia kwa kichwa, akachukua kitambaa, akaanza kumkaushia sahani.

Wiki iliyofuata waliitwa ofisi kuu ya reli. Mzee alivaa koti lake la harusi za watu, akaingia peke yake. Muuguzi alisubiri kwenye benchi la korido, mbele ya ubao wa matangazo, akasoma tangazo la zimamoto hadi akalishika kwa moyo. Alifikiria pensheni ya baba yake, akafikiria polisi, akafikiria kama alikumbuka kumpa vidonge vyake vya asubuhi. Kila mlango ulipofunguliwa aliinuka, akakaa.

Alitoka baada ya saa mbili, karatasi mkononi, mhandisi nyuma yake. Muuguzi akamtazama usoni, naye safari hii akamtazama.

"Wamesemaje, baba?"

"Pensheni hawaigusi. Onyo kwa maandishi, basi." Akapangusa paji la uso kwa mkono wa koti. "Halafu wameniuliza kama kuna madaraja mengine niliyoyatia saini hivyo."

"Ukawaambia nini?"

"Yapo mawili," mzee alisema. "Moja lina treni ya abiria kila siku."

Mhandisi alikuwa amekwisha wapita, anateremka ngazi mbili mbili, funguo za pikapu zikilia mkononi. Muuguzi akamshika baba yake kiwiko upande wa goti bovu, wakamfuata.